Mwalimu Aliyelipima Jua

Habari ya kuuawa kwake ilinipata Bungoma asubuhi, simu ikikatikakatika: mwalimu wa fizikia niliyezoea kunywa naye chai Kitale alikuwa amekatwa panga huko Endebess, mchana peupe, mbele ya nyumba yake iliyokuwa ikiteketea. Wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati kabla hajazaliwa. Baada ya uchaguzi uliozua mapigano ya kikabila, hilo lilitosha kumfanya mgeni na adui.

Wasomaji wangu, mtu huyu alikuwa akisomea shahada ya uzamili kuhusu jua. Korona, yaani tabaka la nje kabisa la jua, ina joto linalozidi la uso wa jua wenyewe mara mamia, na wataalamu bado wanabishana ni kwa nini. Yeye alitumaini kwamba chanzo ni milipuko midogo midogo isiyokoma. Basi alichukua picha za setilaiti, akawa anapima kwa takwimu jinsi mwanga unavyopanda na kushuka, aone kama vimweko, yaani mianga ya ghafla ya milipuko hiyo, ni vingi vya kutosha kuleta joto hilo. Siku moja aliingia hotelini tulipozoea kunywa chai, amenuna. "Hesabu imekataa," akaniambia. "Vile ninavyoviona haviwezi kuleta joto lote hilo." Nikamtania, "Si uongeze kidogo tu, bana? Nani atajua?" Akaweka kikombe chini. "Mimi nitajua. Labda kuna vidogo zaidi, lakini siwezi kuandika nisichokiona."

Mkewe, aliyenusurika kwa jirani, ndiye aliyenisimulia yaliyotokea. Vijana walimkuta mumewe mlangoni, wakadai ameficha silaha za kuwamaliza. "Nani ameziona?" akawauliza. "Ati nani ameziona? Kila mtu anajua!" Akawaambia waingie wapekue. Hakuna aliyeingia. Walimwaga petroli, wakawasha, na alipokuwa akimsukuma mkewe apitie uani, panga likamshukia shingoni. Kompyuta yake iliungua. Bahati, msimamizi wake chuoni alikuwa na nakala ya kazi, na jibu lile lililomuudhi limebaki humo bila kuguswa.

Tumemzika. Lakini uongo ule wa silaha haukutungwa na vijana. Waliuokota kwa watu wazima, watu wa kanisani na maofisini, waliousema kwa sauti ya upole wakiwa wamekaa vitini. Anayeeneza asilolijua naye ameua, hata kama mikono yake haina damu. Watu hao nawafahamu. Bado tunawaamkia kwa heshima.