Mama Rola Anavyopunguza Kilo za Chombo cha Angani

Saa moja asubuhi, Jumatatu, Mama Rola anakipindua chombo chake tumbo juu, anaweka msumeno wa chuma katikati ya tumbo hilo, na anasita.

Ni chombo cha angani. Si cha kweli, ingawa ukikitazama kwa muda unaweza kujisahau. Kina urefu wa mita mbili na nusu, madirisha mia nne na kumi, injini sita nyuma na mnara wa nahodha mbele. Kimejaza meza mbili zilizounganishwa katika karakana yake ya kutengeneza mashine za fotokopi, na karibu kila kipande chake cha nje kimetoka ndani ya mashine iliyokufa. Kimemchukua miaka mitatu.

"Mkuki kwa nguruwe mtamu," anasema, macho hayabanduki kwenye msumeno. "Nimefungua mashine za watu zaidi ya elfu moja na sijawahi kusita. Leo imekuwa zamu yangu."

Kisha anakata.

Anakata kwa sababu chombo hicho kinatakiwa kuning'inizwa Ijumaa kwenye dari ya chumba cha watoto katika maktaba ya mji, chumba kilichofungwa mwaka mzima kwa ukarabati. Fundi wa dari ametoa sharti moja tu: kisizidi kilo ishirini. Chombo kina kilo thelathini na moja. Ijumaa hiyohiyo fundi anamaliza kazi na kuondoka na majukwaa yake ya kupandia, na maktaba haina uwezo wa kumwita tena. Kisipopanda siku hiyo, hakipandi.

Mama Rola ana miaka arobaini na saba, na ishirini na mbili kati ya hiyo ameitumia akiwa ameinama juu ya mashine za fotokopi na printa za watu. Jina lake la utani alilipata kazini. Mteja akisema karatasi zinakwama, yeye hutaja kigurudumu kinachozivuta: "Rola." Akisema mashine inapiga kelele, "Rola." Mumewe, ambaye ni muuza nyama mtaa wa pili, anaapa kwamba hata siku alipolalamika kuumwa mgongo aliambiwa ni rola.

Kati ya mashine kumi zinazofika kwake, tatu huwa hazitengenezeki, na wenyewe hawarudi kuzichukua. Hapo ndipo chombo kilipoanzia. Kufa kufaana, anasema. Trei za karatasi zikawa kuta. Gia zikawa mitambo ya nje. Makopo ya wino wa unga yakawa injini, baada ya kuoshwa mara nne nyuma ya nyumba hadi wifi yake akauliza kama kuna mtu amechinja pweza.

"Nilipofungua mashine ya kwanza, nikiwa bado najifunza kazi, sikuona mashine," anaeleza. "Niliona mji. Kuna barabara, kuna maghorofa, kuna mabomba yanapita chini. Nikajiambia, mji kama huu ungeweza kuondoka na watu wake wote, ukasafiri."

Ndiyo maana chombo chake hakina hata bunduki moja. Kina zahanati, shule, chumba cha kufulia, na madirisha madogo ya familia zinazohamia mbali. Mumewe alipouliza hao watu watakula nini, aliongezewa bucha upande wa kushoto, dirisha la tatu kutoka mlangoni, lenye taa nyekundu. Tangu siku hiyo hajalalamika tena kuhusu meza mbili zilizojazwa.

Fedha ndiyo iliyokuwa ngumu. Mwezi mbaya humletea mashine nane za kutengeneza, mzuri ishirini, na watoto wawili bado wanasoma. Kwa hiyo aliweka sheria: malipo ya mashine moja tu kwa mwezi ndiyo yaingie kwenye chombo. Fedha hiyo ilinunua gundi, nyembe, puti na rangi. Vingine vyote vilikuwa vya kuokota au vya kupewa.

"Wifi yangu alikuwa ananiambia, wenzako wananunua viwanja, wewe unajenga angani," anasema na kucheka. "Nikamwambia, wifi, angani hakuna dalali."

Majirani nao walimzoea. Kila aliyepita mlangoni aliuliza kama chombo kimekwisha, naye alijibu, "Bado." Ikafika mahali kikaitwa hivyo. Mkutubi mkuu wa maktaba, aliyekuja siku moja kuulizia mashine yake, alikikuta mezani akakizunguka mara mbili akihesabu madirisha. Mwishowe akauliza kinaitwaje. Akajibiwa, "Bado." Akauliza kama anaweza kukipata kwa ajili ya chumba cha watoto.

Hakuna aliyewahi kumwomba Mama Rola kitu alichokitengeneza mwenyewe. Mashine anazozitengeneza ni za wengine, na zikifanya kazi vizuri hakuna anayemkumbuka. "Nilisema ndiyo kabla hajamaliza sentensi," anakiri. "Ningesema ndiyo hata kama angetaka kukitundika mwezini."

Kosa alilifanya hapohapo. Fundi wa dari alipouliza uzito, alijibu, "Kama kilo kumi na tano hivi." Hakuwa amewahi kukipima.

Mumewe alikuwa amemwonya. Miezi saba kabla, alinyanyua ncha moja ya chombo ili afagie chini ya meza, akakishusha akasema, "Mama, hii ni thelathini na kitu." Alichekwa.

"Mimi nakadiria nyama tangu nina miaka kumi na sita," anasema muuza nyama huyo, ambaye jambo hilo bado halijamtoka moyoni. "Mteja akitaka kilo mbili, nakata mara moja, mizani inakuja kunishuhudia tu. Lakini nyumbani kwangu neno langu halina uzito."

Jumamosi iliyopita walikibeba hadi buchani, wakakifunga kamba na kukitundika kwenye mizani ya kuning'iniza, chini ya boriti ya mbele. Wateja walisimama. Mmoja akauliza hiyo ni nyama ya mnyama gani. Mshale ulipotulia kwenye thelathini na moja, muuza nyama aliutazama. Akavua kofia yake, akaivaa tena.

Hesabu ya jinsi ilivyofika huko ni rahisi, na inauma. Vitu vyepesi vinauzwa: plastiki nyembamba, mbao laini, zile karatasi ngumu zilizojaa hewa wanazotumia wenye uwezo. Vya bure ni vizito. Uti wa mgongo wa chombo ulikuwa bomba la maji la chuma, zawadi ya jirani. Ndani mlikuwa na vipande vya meza za zamani, kwa sababu meza za zamani hazina bei. Halafu gia, moja moja, kila wiki. Haba na haba imejaza kibaba, na kibaba kimekataliwa mlangoni.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kung'oa vitu vya nje. Alikuwa ameshashika koleo mumewe alipomzuia.

"Ukitaka kupunguza uzito wa ng'ombe huanzi na masikio," alimwambia. "Toa nyama. Acha mifupa na ngozi."

Akachukua chaki, akawa anagonga ubavu wa chombo kwa vidole na kusikiliza, kisha anaweka alama. Hapa pamejaa. Hapa patupu. Hapa ukikata, bega litaanguka. Kwa dakika arobaini aliizunguka meza, na mkewe akamfuata nyuma kimya, jambo ambalo yeye mwenyewe anasema halijawahi kutokea katika ndoa yao.

Alama hizo ndizo Mama Rola anazozifuata Jumatatu hii. Kufikia saa sita mchana sakafu imejaa vumbi la mbao, na kando ya mlango kuna rundo la vipande vya meza linalotosha kupikia chakula cha wiki nzima. Jioni mizani inasema ishirini na saba.

Jumanne ni siku ya kutoa bomba. Fundi wa madirisha amempa vipande vyepesi vya alumini, na yeye amemtengenezea printa yake. Mpango ni kuchomoa chuma na kuingiza alumini upande wa pili, polepole, viende pamoja. Vinakwenda hadi katikati. Hapo chuma kinakwama, kinavutwa kidogo tu, na sauti inatoka ambayo kila aliyemo ndani anaielewa bila kuambiwa. Chombo kimekatika nyuma ya mnara. Ufa unapita kwenye madirisha zaidi ya thelathini.

Mama Rola anakaa chini sakafuni, palepale kwenye vumbi.

"Nililia," anasema baadaye, bila kuficha. "Watu wanadhani fundi halii. Nililia kama mtu aliyefiwa. Halafu nikakumbuka kwamba kwa kuwa kimefunguka, sasa mkono wangu mzima unaingia ndani. Siku zote nilikuwa nachungulia kwenye kitundu. Maji nimeshayavulia nguo, nikayaoge."

Anaoga kweli. Kupitia ufa huo anatoa mbao ambazo msumeno haukuweza kuzifikia, anafunga alumini kwa skrubu ndogo za printa, anaziba ufa kwa gundi na vipande vya trei, kisha anayarudisha madirisha moja baada ya jingine kwa kibanio cha nyusi. Jumatano saa nne asubuhi, yeye na mumewe wanakipeleka maktaba juu ya mkokoteni wa bucha, uliosuguliwa kwa maji ya moto mara mbili, na kufunikwa shuka.

Fundi wa dari anakitundika kwenye mizani yake mwenyewe. Mkutubi amefumba macho. Mshale unapanda, unashuka, unasimama.

Ishirini na gramu mia nne.

"Imepita hiyo," anasema fundi wa dari, akitabasamu. "Gramu mia nne ni nini, mama? Ni kitabu kimoja. Boriti haitajua."

"Wewe ulisema ngapi?"

"Nilisema ishirini, lakini unajua sisi huwa tunaacha nafasi kidogo..."

"Ulisema ishirini," anarudia Mama Rola. "Chini yake watakaa watoto. Hiyo nafasi ni yao. Nishushie."

Mkutubi anajaribu kumshawishi. Hata mumewe anakohoa kidogo. Lakini Mama Rola ameshaanza kufungua kamba, na mkokoteni unarudi ulikotoka.

Kilichobaki kutolewa ni nini, hakuna anayejua. Ndani pamekuwa patupu kiasi kwamba ukigonga, chombo kinalia kama ngoma. Mifupa haiguswi. Muuza nyama anakizunguka tena na chaki yake, mara mbili, na safari hii haweki alama yoyote. "Nyama imekwisha," anasema.

Mama Rola anapitisha kucha juu ya ubavu wa chombo, na unga mweupe unabaki kidoleni. Rangi. Tabaka tatu za rangi ya mafuta, na chini yake puti iliyojaza kila kiungo, iliyopigwa msasa hadi mtu asijue trei moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Karibu nusu ya fedha yote iliyoingia kwenye chombo ilikwenda hapo.

Anavuta kigoda na kukaa.

"Nilinunua rangi ili watu wasijue ni takataka," anasema, kwa sauti ya chini. "Huo ndio ukweli. Nilitaka mtu aingie aseme, hiki kimetoka kiwandani. Nilikuwa naona aibu."

Wifi yake, aliyepita kuangalia tu na akakuta kazi, anauliza, "Sasa ukitoa, si wataona ni printa mbovu?"

"Wataona," anajibu Mama Rola. "Wacha waone. Mtoto anayo printa mbovu nyumbani, hana kiwanda."

Anachukua kisu kipana cha puti na kuanza. Juu ya plastiki laini rangi inabanduka kwa vipande virefu, na chini yake chombo kinatokea cha rangi ya kijivu, cha krimu, cha bluu iliyofifia, kila trei na rangi iliyozaliwa nayo. Kwenye ubavu wa kulia linatokea bango dogo lenye mshale na mchoro wa karatasi, kuonyesha upande wa kuweka. Analiacha. Wifi naye amekunja mikono ya gauni na kushika msasa, bado analalamika kuhusu vumbi. Wanaendelea hivyo hadi jua linazama, na tena asubuhi inayofuata.

Alhamisi saa saba mchana, buchani, nyama zimeondolewa kwenye boriti na wateja wamesogea nyuma bila kuombwa. Muuza nyama anakitazama chombo kikining'inia, anakunja uso, na kutangaza, "Kumi na tisa na nusu."

Mshale unasimama kwenye kumi na tisa na gramu mia tano na hamsini. Watu wanapiga makofi, na si rahisi kujua wanampigia nani. Muuza nyama anainamisha kichwa kana kwamba anajua.

Mama Rola ana mipango. Chombo kinachofuata ameshakianza kichwani, na ameapa kukipima kuanzia skrubu ya kwanza. Anataka pia kumwomba mkutubi Jumamosi moja kwa mwezi, awafundishe watoto kufungua mashine zilizokufa na kutazama ndani. Lakini kwanza kuna Ijumaa. Fundi wa dari atakaza skrubu ya mwisho saa nne asubuhi, na mlango utafunguliwa kwa watoto saa saba. Katikati hapo, amemwomba mkutubi jambo moja: aachiwe chumba, na kimojawapo cha vile viti vidogo.

"Nitakiweka chini yake, katikati kabisa," anasema. "Nitakaa mimi kwanza. Saa tatu zote. Nikitoka mzima, waingie."