Mlango wa Plaiwudi Uliovimba

Mchana wa onyesho la kwanza la filamu, fundi seremala aliketi safu ya nyuma, roho juu. Mlango wa chuma wa benki katika filamu hiyo ya wizi na mafuriko ulikuwa kazi yake: plaiwudi iliyopakwa rangi ya fedha. Alikuwa amesahau kupaka vanishi ya kuzuia maji kwenye kingo. Maji yalipomwagwa siku ya kupiga picha, plaiwudi ilivimba, mlango ukagoma, waigizaji wakakwama ndani. Bajeti haikuruhusu kurudia, hivyo tukio likabaki lilivyo.

Watazamaji walianza kwa kejeli. "Mafuriko gani haya? Mtu anaosha gari!"

"Shemeji, leo utaumbuka," kaka wa mkewe, aliyeketi kando yake, alimnong'oneza.

Kisha wezi wakausukuma mlango, usifunguke. Maji yakawafika kiunoni, nao wakaupiga mateke huku wakipiga mayowe yasiyo ya kuigiza. Ghafla mama mmoja ukumbini akasimama. "Jamani, vunjeni!" Wote wakadakia, "Sukuma! Sukuma!" Mlango ulipoachia, makofi yalitikisa madirisha.

Nje, maoni yalimiminika. "Ile helikopta ya kwenye filamu ni ya kuchezea watoto, sikatai," alisema dereva mmoja, "lakini ule mlango! Chuma kile wamekitoa wapi?"

Seremala alishindwa kujizuia. "Ni plaiwudi, kaka! Nimeutengeneza kwa mikono hii!"

"Tuondolee uongo, mzee."

"Bado uko karakanani, twende ukauguse!"

Watu kumi na wawili walimfuata, shemeji yake akiwa mbele, akimtangazia kila mpita njia kwamba fundi huyo ni wa kwao.