Swapu na Sauti ya Mzee Kefa

Loisi alikuwa mchapaji katika shirika letu dogo la visima hapa Dodoma, miaka ile ya soko huria ambapo kila ofisi ilitaka kompyuta hata kama haijui ya nini. Yetu ilikuwa kuukuu. Programu za kununua zilitushinda bei, basi Fabian, fundi kutoka Hombolo, akatuwekea Linux, ambayo ni ya bure. Kwa kuwa memori ilikuwa ndogo, akakata sehemu kubwa ya diski akaiita swapu.

“Swapu ndiyo nini?” Loisi akauliza.

“Dada Loisi, wewe si Mgogo? Zizi la baba likijaa, ng’ombe wengine anawaweka kwa rafiki. Memori nayo ikijaa, kazi nyingine inapelekwa kwenye swapu. Ukiihitaji, inarudi.”

Tukacheka, tukajiona tumeelewa.

Mwaka huohuo baba yake Loisi, Mzee Kefa wa Msalato, akapatikana na kansa ya koo. Daktari alimwambia sauti itamtangulia. Mzee hakujua kuandika, na ndiye pekee aliyebaki na habari za ukoo wao kwa Kigogo: walikotoka, nani kazikwa wapi, na maneno ya kuombea mvua. Basi kila mchana alikuja ofisini, akaketi kando ya mashine, akasema kwa sauti ya kukwaruza huku binti akichapa.

Nusu ya kwanza ilihifadhiwa vizuri. Walipofika kwenye maneno ya mvua, mashine ikaanza kugoma kuhifadhi: diski imejaa. Loisi hakushtuka. Kazi aliiona kwenye kioo, akaamini swapu inamtunzia, na tangu lini ng’ombe waliowekwa kwa rafiki wakapotea hivihivi? Rafiki wa namna hiyo angeaibika mbele ya ukoo mzima. Akaendelea kuchapa, na jioni akawa anaiacha mashine ikiwaka.

Siku mzee alipomaliza, sauti yake ilikuwa imebaki pumzi tu. Kesho yake umeme ukakatika.

Fabian aliitwa. Alibonyeza, akabonyeza, kisha akainamisha kichwa.

“Dada, swapu haitunzi kitu. Mashine ikizimika, kilichokuwamo ndiyo basi.”

“Mbona ulisema ng’ombe?”

“Nilisema hivyo ili uelewe.”

Nilitamani kumzaba kofi, na hata leo natamani. Ukimfundisha mtu faida ya kitu, mwambie na hasara yake.

Jumapili nilimsindikiza Loisi Msalato. Alimweleza baba yake yote huku akilia. Mzee hakukasirika. Alimpigapiga mkononi, akamwashiria aseme anavyokumbuka, na Loisi akaanza maneno ya mvua. Mzee akatikisa kichwa. Binti akaanza upya, akageuza hapa na pale, mzee akatikisa kichwa tena.

“Nimekosea wapi, baba?”

Mzee akafungua mdomo kumsahihisha. Loisi akasogeza sikio mpaka likagusa midomo ya baba yake, akasubiri. Midomo ilicheza muda mrefu, mstari baada ya mstari, na hakuna hata neno moja lililotoka.