Jiwe la Binamu Aliyejipikia Matanga

Binamu yangu Bernadina alikufa Jumanne moja hapa Ushirombo, na Jumanne hiyohiyo akawasongea ugali waombolezaji wake. Msinicheke. Nimeula mwenyewe, na ulikuwa mgumu kama kawaida yake.

Kisa kilikuwa lori. Lilikuwa linapeleka jiwe kwenye tawi la chuo kikuu, likapata pancha karibu na soko. Jiwe jeusi, linang'aa, jina la Bernadina limechongwa juu yake. Sasa huku kwetu jina la mtu likiwa juu ya jiwe, mwenyewe yuko chini yake. Waliojua kusoma wakasoma, tusiojua tukalia. Punde uani kwa Bernadina kumejaa wanawake na kuni na maharage, na kaka yake Thobias ameshanyoa kichwa. Mlango ukafunguliwa, marehemu akatoka na mwiko.

"Mnamlilia nani?"

Mama mmoja alikimbia hadi Tinde. Wengine wanasema bado anakimbia.

Bernadina ni binti wa mjomba wangu, kwa hiyo ni mtani wangu, na mtani hakasirikiwi. Alipofiwa na mume alijitwika gunia la michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa mpaka vikakauka, akaenda kuwauzia wachimba dhahabu kule Segese. Haiozi, na mtu anashuka nayo shimoni mfukoni. Mchimbaji mmoja alivunjikiwa na nyundo, akapasua mwamba kwa mchembe, akaikuta dhahabu. Nilikuwepo, au karibu nilikuwepo. Leo Bernadina ana kiwanda, na michembe yake inauzwa kwenye pakiti hadi Geita. Wasichana wa chuo walipokuwa wakisumbuliwa kwenye vyumba vya kupanga, yeye ndiye aliyewajengea bweni. Chuo kikaona kimshukuru kwa jiwe.

Baada ya ugali ule aliingia kulala, hakutoka tena. Kiwandani haendi, uji hanywi.

"Jina limeshatangulia," akaniambia. "Mwili utaliacha peke yake?"

Mkuu wa tawi, Onesmo, kijana mwenye adabu, akaja kuinama kando ya kitanda.

"Shikamoo mama. Lile ni jiwe la heshima tu."

"Marahaba mwanangu. Litupeni kwenye shimo la zamani la wachimbaji, ndipo nitakula."

"Mama, wasichana wenyewe ndio waliochagua maneno yake."

Bernadina akageukia ukutani.

Niliogopa, nawaambia kweli. Watani wangu wengine wote wako chini ya mawe yao, nimebaki na huyu. Nikamwambia, "Twende ukalione kabla halijatupwa. Au unaogopa limekushinda uzuri?"

Hilo likamwinua. Tukapanda bajaji.

Jiwe lilikuwa limelazwa kwenye nyasi mbele ya bweni, likingoja kusimamishwa. Nikatandika khanga, nikalikalia katikati kabisa.

"Wewe Mageni, ondoa makalio yako kwenye jina langu."

"Kumbe ni jina? Nilidhani ni kaburi. Anayekalia kaburi hupooza. Hebu nitazame." Nikachezesha miguu. Kisha nikalala chali, nikakoroma.

Wasichana wakatoka bwenini, wameziba midomo wasicheke. Bernadina akaja kunivuta mkono. Mimi mzito, yeye amedhoofika. Tukavutana mpaka akaanguka kitako kando yangu, juu ya herufi zake. Akatulia hapo, akalipapasa jiwe.

"Lina joto," akasema.

"La kaburi huwa baridi."

Akamwita msichana mmoja, Zipora. "Mjukuu wangu, mna chochote cha kutafuna humo ndani?"

Zipora akaleta pakiti ya michembe. Bernadina akatafuna, akakunja uso.

"Hii haikukauka. Nikilala kidogo tu wanaharibu." Akamgeukia Onesmo. "Msilisimamishe. Liwekeeni miguu."

Sasa ni benchi. Wasichana wanasomea hapo, wanasukana nywele hapo. Bernadina akitoka kiwandani hupita kumfukuza anayekalia herufi ya kwanza. Anasema hiyo ni nafasi yake.

Na Thobias, mzee mwenye mvi tangu tumjue, nywele alizonyoa zimeota nyeusi tii. Kila akiniona ananiuliza lori litapita lini tena.