Tufe la Njano Chini ya Jiko la Bibi

Shangazi yangu hatoki nyumbani bila ubao wake. Ni ubao ulionyooka, mrefu mita moja kamili, na juu yake amefunga pima maji, ile chupa ndogo yenye povu ambayo waashi huiweka juu ya ukuta kuona kama umelala sawa. Chini ya ncha moja ya ubao amegongomea kipande cha mti chenye unene wa sentimita moja. Akiuweka ubao juu ya bomba na povu likatulia katikati, anajua bomba limeshuka sentimita moja kwa kila mita, na majitaka yatateremka yenyewe. Povu likikimbilia pembeni, anang'oa bomba na kuanza upya. Hana mjadala. Ndiyo maana mtaani wanamwita Mama Povu.

Ufundi aliupata mgongoni, maana alianza kwa kubeba. Mumewe alikuwa fundi bomba wa mamlaka ya maji, na kiuno kilipoanza kumsumbua, shangazi akawa anambebea mkoba wa vifaa. Mwaka wa kwanza alibeba tu. Mwaka wa pili alikuwa anafunga koki mwenyewe huku mumewe ameketi juu ya ndoo akimwelekeza. Mwaka wa tatu mumewe alibaki na ndoo, maelekezo yakamwishia.

"Nilioa mke," husema hadi leo, "nikaamka siku moja nina bosi."

Miaka kumi na moja mamlaka ilimtumia kama kibarua. Walimwita bomba likipasuka, wakamsahau likishazibwa. Hakuwa na barua ya ajira, hakuwa na buti, hakuwa hata na glavu. Vyeo vilikwenda kwa waliojuana na wakubwa, watu ambao wangeonyeshwa chemba iliyofurika wangeshika pua na kuuliza gari liko wapi. Nikikumbuka hayo damu inanichemka. Shangazi yeye anacheka, anasema hasira haizibui bomba.

Kisha mambo yakabadilika. Mamlaka ilipewa bodi mpya na mkopo wa kujenga upya mtandao wa maji na majitaka, na mkurugenzi aliyekuja akabandika tangazo ukutani: nafasi za wasimamizi zitagombewa kwa mtihani wa vitendo, mbele ya watu. Kila mtu alipewa mtaro na mita sita za bomba. Wanaume watatu wenye vyeti walimaliza mapema wakakaa kivulini kumcheka mama mwenye ubao. Mhandisi alipopita kupima, povu liliwakimbia wote watatu. Kwa shangazi lilitulia kama limeambiwa.

Kazi yake ya kwanza akiwa msimamizi wa majaribio ilikuwa uchochoro alimozaliwa.

Maji safi yalikuwa yameshafika humo miaka miwili nyuma. Watu waliimba siku ile, na walikuwa na haki ya kuimba, kwa sababu wanawake wa nyumba thelathini na moja walitua ndoo vichwani. Ila hakuna aliyekuwa amejiuliza maji hayo yakishaosha vyombo, nguo na watu yataelekea wapi. Yalielekea mlangoni kwa jirani. Vyoo vya shimo vilijaa, na gari la kunyonya halikuweza kuingia, kwa kuwa watu wawili wakikutana mle na beseni, mmoja hugeuka ubavu. Mkandarasi wa barabara kuu alikuja, akatazama, akasema bomba kubwa halipiti, akaondoka. Kwake maskini walikuwa tatizo la upana.

Shangazi alipendekeza mabomba madogo yapite nyuma, ua kwa ua, nyumba ikipokea kutoka kwa nyumba. Mhandisi, kijana mwenye miwani anayependa kuandika kila kitu, aliliona wazo lina mashiko.

"Sikiliza Mama," alimwambia. "Huu mmoja kwanza. Ukipita ukaguzi, vichochoro kumi na vinne vilivyobaki utavisimamia wewe. Ukikwama, fedha zinarudi barabara kuu. Mimi sitaweza kuzizuia."

Shida ilikuwa Bibi Mshonaji.

Nyumba yake iko chini kabisa, pale uchochoro unapoinamia, na bomba halikuwa na njia nyingine ila chini ya jiko lake. Ana miaka sabini na kitu, bado anashona sare za shule kwa cherehani ya mguu, na jiko lake lina sakafu nyekundu inayong'aa kama sahani. Katikati ya sakafu hiyo pana alama ya unyayo mdogo. Mwanawe alikanyaga hapo saruji ikiwa mbichi, akiwa na miaka miwili. Sasa ni muuguzi katika mji mwingine, mrefu kuliko mlango wa mama yake.

"Binti, wewe nimekubeba mgongoni," Bibi alimwambia shangazi. "Leo unaniletea nyundo?"

"Naleta bomba, Bibi. Nyundo imenisindikiza tu."

"Basi mwambie arudi na mwenyeji wake."

Miezi miwili shangazi alikwenda kila jioni, bila nyundo. Alikunywa chai, alishikilia kitambaa wakati Bibi akikata, alisikiliza habari za muuguzi. Nyumba thelathini zilikuwa zimeshakubali, na wote walikuwa wanamsubiri bibi mmoja, tena wengine kwa maneno makali. Shangazi aliwanyamazisha. Alisema sakafu ni ya mwenye nyumba, na anayetaka haraka aanze kwa kuchimba ya kwake.

Mwishowe Bibi alisema, "Utavunja mara ngapi?"

"Mara moja."

"Ukirudi na nyundo mara ya pili?"

"Usinifungulie. Na wala usiniite binti tena."

Siku ya kukata, shangazi alipiga mstari kuuzunguka unyayo, akachonga kwa tindo asubuhi nzima, akakitoa kile kipande kizima bila ufa na kukilaza juu ya godoro la Bibi mwenyewe. Bomba lilipolala na povu likatulia, alikirudisha, akaziba kingo kwa saruji yenye rangi ileile. Ukitaka kuuona mshono lazima upige magoti. Bibi alipiga magoti, akaupitishia kidole, akasema, "Pindo zuri." Kutoka kinywa cha mshonaji huyo, hiyo ni medali.

Baada ya hapo alikuwa mtu wetu kuliko wote. Shangazi alikuwa na kanuni kwamba kila mdomo wa bomba uzibwe kila kazi ikisimama, panya na mchanga wasiingie, akamwomba Bibi mabaki ya vitambaa. Bibi alikasirika. Mabaki gani? Akashona vizibo thelathini na kimoja, vya mviringo, vilivyoshindiliwa vitambaa, vyenye pindo na kitanzi cha kushikia, kila nyumba na chake. Mume wa shangazi alipokea cha kwao akakigeuza huku na huku.

"Hiki ni kizuri kuliko mto wangu," akasema. "Bomba lilalie hiki, na mimi nilalie nini?"

Siku ya ukaguzi watu walijaa mpaka juu ya kuta. Ukaguzi wenyewe ni rahisi kuueleza. Kila kipande cha bomba kina chemba upande wa juu na chemba upande wa chini. Vizibo vinatolewa, tufe la mti lililopakwa rangi ya njano, dogo kidogo tu kuliko bomba, linatumbukizwa juu pamoja na ndoo ya maji, na linatakiwa lijitokeze chini lenyewe. Seremala wa mtaa ndiye aliyelichonga.

Kipande cha kwanza, tufe likatoka. Cha pili, likatoka. Kila likitoka watu walipiga makofi, na kinyozi, ambaye nyumba yake imepakana na ya Bibi, alikuwa anatangaza kama mpira wa redioni: "Linakuja, linakuja, limempita dobi, halijamsalimia..."

Likabaki jiko la Bibi. Mhandisi akatumbukiza tufe kwenye chemba ya kinyozi, akamimina ndoo. Sisi wote tukainama kwenye chemba ya chini.

Maji yakaja machache, yakichuruzika. Tufe halikuja.

Kinyozi akanyamaza, jambo ambalo sijaliona tangu nizaliwe.

"Ongeza ndoo," shangazi akasema. Wakaongeza. Maji yakachuruzika vilevile.

Mhandisi akavua miwani, akaifuta. "Mama, bomba limezama. Chini ya jiko udongo umekaa, bomba likapinda, tufe limelala kwenye bonde. Itabidi tufungue sakafu."

"Sakafu haifunguliwi."

"Sipendi na mimi. Lakini nikiandika limepita na halikupita, nitakuwa kama wale wa zamani."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililouma. Nilimtazama shangazi. Mkono mmoja ulishika ubao, mwingine ulikuwa unapapasa kile kipande cha sentimita moja chini yake, kama mtu anayehakikisha ufunguo uko mfukoni. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko. Muuguzi alikuwa karibu naye, amesafiri tangu alfajiri kuja kuona sinki la kwanza la mama yake.

"Nipeni kioo na tochi," shangazi akasema.

Akamtuma mtu amulike kutoka chemba ya juu, yeye akashuka chini, akakiinamisha kioo kwenye mdomo wa bomba. Akatazama muda mrefu. Kisha akaanza kucheka, taratibu, mabega yakitikisika.

"Mhandisi, hebu shuka, mwanangu. Unaona nini?"

Mhandisi akashuka. "Giza."

"Giza kiasi gani?"

"Giza lote."

"Bomba likizama, maji hulala chini na mwanga hupita juu yake. Na tufe ni dogo kuliko bomba, lingeacha pengo. Wewe umeona hata ukucha wa mwanga?"

Mhandisi akatazama tena. "Hapana."

"Basi bomba halijazama. Limezibwa. Na lililoziba limeenea bomba lote, mviringo, bila pengo. Mchanga hauzibi hivyo. Hiyo ni kazi ya mtu anayejua kuchukua vipimo."

Vichwa vyote vikageukia mlango wa jiko.

Bibi alikuwa anatazama dari.

"Mama," muuguzi akasema polepole. "Mama, umefanya nini?"

"Nilisikia panya," Bibi akasema.

"Lakini kizibo chako tumekitoa asubuhi," shangazi akasema. "Nimekitoa mimi mwenyewe, pale kwenye mdomo wa sinki."

"Hicho ni kimoja. Mimi nilishona viwili. Cha pili nilikisukuma kwa mpini wa ufagio mpaka kikafika huko kunakokwenda mbali. Mlitaka panya aje alale jikoni kwangu, kwenye sakafu hii?"

"Na kwa nini hukusema, Bibi?"

"Nilidhani vinatoka vyenyewe vikishaona maji. Halafu kijana akataja kuvunja, nikaona aibu." Akamgeukia Mhandisi. "Na wewe punguza kasi ya kuvunja nyumba za watu."

Uchochoro mzima ulilipuka kwa kicheko. Kinyozi ilibidi ashikwe asiingie kwenye chemba. Shangazi akachukua fito ndefu za kuzibulia zinazoungana moja kwa nyingine, akafunga ndoano mbele, akazisukuma kutoka chini. Mita tatu. Mita nne. Akazungusha, akavuta, ikateleza. Akazungusha tena.

"Kitanzi kiko upande gani, Bibi?"

"Upande wako. Mimi sishoni kitanzi kisichofikika."

Ndoano ikashika. Shangazi akaweka mguu ukutani mwa chemba, akavuta kwa nguvu zake zote, na kizibo kikatoka kama mtoto mnene anayevuliwa shati. Nyuma yake maji ya ndoo zote mbili yakaja kwa kishindo, yakamlowesha mpaka kifuani, na juu ya maji hayo, likizunguka, likiwa jipya kama limepakwa rangi muda huo, tufe la njano.

Kelele zilizopigwa sina namna ya kuziandika. Mumewe aliinuka bila fimbo, kiuno na yote.

Mhandisi hakutaka kuandika kwa furaha tu. Alipanda juu akalitumbukiza tufe upya kwa mkono wake, likatoka. Akashuka na kioo, akaona duara zima la mwanga, akamwita kila mtu anayetaka kuona aje aone, na walikuwa wengi. Ndipo akafungua daftari na kuuliza, "Msimamizi niandike nani? Jina la kazini?"

"Andika Mama Povu," kinyozi akasema. "Hilo jingine hata mumewe hana uhakika nalo."

Nimesoma chuo miaka minne nikifundishwa kwamba miji hujengwa na mipango na mikopo. Sikatai. Mkopo ulinunua yale mabomba, na bila kanuni mpya shangazi angekuwa bado kibarua. Lakini nataka wanaotia saini wajue kwamba mwisho wa fedha zao kuna mtu anayepima sentimita moja, na kuna sakafu ya mtu aliyeahidiwa. Nitalisema hilo ofisini kwao, na nikifukuzwa mlangoni, nitalisema tena dirishani.

Jioni hiyo muuguzi aliosha vikombe vya chai kwenye sinki, mguu wake mkubwa pembeni ya unyayo wake mdogo, na kila alipomimina maji kinyozi alipiga kelele kutoka chemba ya chini: "Yamefika!" Shangazi alikuwa amekaa mlangoni amejifunga khanga ya Bibi, nguo zake zikikauka kambani. Bibi alikuwa na kile kizibo kilicholowa mapajani, anakikagua chini ya mwanga, pindo kwa pindo.

"Binti," akasema, "hebu tazama. Hakuna uzi hata mmoja uliofumuka."