Uso wa Shangazi Keziah

Tulikuwa wanne jikoni, kwenye landhi, zile nyumba za wafanyakazi wa reli hapa Nakuru: nyanya Tabitha, mama yangu Rebeka, shangazi Keziah dadake baba, na mimi mtoto. Juzi daktari wa utafiti alinipangusa shavu kwa spiriti, anidunge sindano ya kutuliza huu uso wangu unaochezacheza wenyewe, na ile harufu ikanirudisha pale.

Wageni wa mahari ya shangazi walikuwa wanafika saa sita. Yeye alizoea kutuchekesha kwa kukunja uso, kwa hivyo alipoingia mdomo umevutwa upande, nilicheka, nikakunja wangu pia.

"Shangazi, umenishinda! Wacha sasa!"

Hakuacha. Chai aliyojaribu kunywa ikamtiririka kidevuni.

Nyanya akavua ndara. "Upepo mbaya umempiga. Rebeka, mshike kichwa!" Akamzaba nayo shavuni, tena na tena, ati uso urudi. Mama akapangusa michubuko kwa spiriti.

Wageni walimtazama, wakaaga bila kuketi.

Kama wewe ulikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja, ukatusikia siku ile, na unakumbuka kwamba mimi sikucheka, tafadhali nirekebishe.