Kamba za Pajani

Kamba ya mkonge husokotwa juu ya paja tupu. Mama alinifundisha hivyo kabla sijaolewa, naye alifundishwa hivyo na mamake. Unapaka jivu kidogo, unalaza nyuzi mbili, unazisukuma kwa kiganja kuelekea gotini, nazo zinashikana. Ngozi ndiyo inayozikaza.

Mwanamke mwenye ploti tulimokodi nyumba Kitengela hakutaka kujua ngozi inakaza nini. Alikuwa mtu wa kanisa, na dini yake, kwa kadiri nilivyoielewa, ilikuwa imejaa mapaja ya watu wengine. Jumamosi moja, mume wangu akiwa bado kazini Nairobi, alinikuta uani kwenye kigoda, sketi imepanda juu ya goti, kando yangu nyuzi nilizoparua mwenyewe na kuanika hadi zikawa nyeupe.

"Hapa wanakaa watu wa heshima," akasema. "Funika hiyo paja ama utafute nyumba kwingine."

Mume wangu aliporudi alinisihi nitii. Nyumba ilikuwa karibu na stendi, na maji hayakuwa yakikatika sana. Basi nikatii. Nikatandaza leso pajani na kusokota juu yake. Nyuzi zikateleza tu, nami nikajiambia zimekaza. Kamba hiyo nikamuuzia mzee mmoja wa Kimaasai aliyezoea kununua kwangu siku za soko pale Kisaju.

Soko lililofuata aliirudisha. Ilikuwa imefumuka kama nywele za mtoto aliyekataa kusukwa.

"Takwenya," akanisalimu kwa Kimaasai.

"Iko," nikamjibu kwa lugha yake.

"Mama, hii kamba si yako. Umetoa wapi? Ndama yangu imelala nje, karibu fisi ikule."

Hapo ndipo nilipoona aibu, aibu yenyewe, si ile ya kuhubiriwa. Halafu hasira ikanipanda. Kazi ya mama yangu ilikuwa imeharibika mikononi mwangu ili mwenye ploti asione goti.

Kesho yake nilikaa katikati ya ua, sketi juu kuliko mwanzo. Mwenye ploti akatoka, mikono kiunoni.

"Si nilikuambia?"

"Uliniambia," nikasema, huku nikiendelea kusokota. "Nyumba ni yako. Paja ni langu."

Tukahama mwisho wa mwezi. Mume wangu alibeba godoro, akatangulia bila kunisubiri, nami nikabeba mkonge wangu. Kule Kisaju tulionyeshwa vyumba viwili vya mabati. Mwenyewe, baba mmoja mpole, alitaka tuanze kwa kuona choo. Nikamwambia angoje kwanza.

"Mimi nasokota kamba kwa paja, nje, mchana. Kama kwako ni aibu, sema saa hii."

Yule baba akanitazama, kisha akamgeukia mume wangu, kama anayetaka kusikia neno la mwenye mke.

Mume wangu akaweka godoro chini.

"Ukikataa," akamwambia, "tutaendelea kutafuta."